Redemta Amepona Kiserikali

Nchi yenyewe haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utajichosha bure, na ukiikuta ukadhani ni ya kwenu, hayo ni yako na ramani yako. Zamani ilikuwa na jina refu la heshima, serikali ikalipunguza kwa sababu lilikuwa halitoshi juu ya skrini. Sasa inaitwa Tufuate. Jamhuri ya Tufuate. Wimbo wa taifa una sekunde kumi na tano na raia anaruhusiwa kuukatikia.

Watu wa Tufuate hawana matatizo. Ikitokea mtu anayo, serikali inamtaarifu kwamba hana, na mambo yanaisha hapo.

Huko kulikuwa na kijana mmoja, Obedi, fundi wa kukata video. Shule aliishia kidato cha pili. Kichwa kilikuwepo, ila dada yake Redemta, aliyekuwa anamlea na kumsomesha kwa kuuza maandazi na chai ya rangi, alianza kuumwa sukari, na sukari haikai nyumba moja na ada. Basi Obedi akabaki na simu yenye kioo kilichopasuka na mdomo usiotulia. Akaanza kutengeneza vichekesho vya Biblia.

Usicheke. Vilikuwa vizuri. Mwana mpotevu alimfanya dogo aliyeuza pikipiki ya mzee wake akaenda kuimalizia kwenye kubeti. Zakayo alikuwa afisa leseni wa manispaa, kapanda nguzo ya umeme kumchungulia Yesu, na wananchi chini wanamwomba asishuke. Sauti zote alifanya mwenyewe, wanawake, wanaume, mpaka punda. Chini anaweka ngoma ya mtaani inayokimbia kama imeiba. Ukurasa aliuita Neno Kitaani.

Mkaguzi wake alikuwa Redemta. Alikuwa anasikiliza huku amefumba macho, mguu umepandishwa kwenye kigoda kwa sababu ya kidonda, kisha anatoa hukumu. Kuna siku alimwambia, "Hapo umemchekesha mtu mpaka kasahau kutubu. Rudia." Na Obedi alikuwa anarudia.

Fundi magari mmoja wa gereji ya jirani aliangalia ile ya Zakayo mara tatu, akaweka spana chini, akaenda kumrudishia mteja pampu ya mafuta aliyokuwa amemchomolea. Muujiza wa ukurasa ule ulikuwa huo mmoja tu, na hakuna aliyeupiga picha.

*

Serikali ya Tufuate hailichukii neno la Mungu. Inachukia neno lisilo na kibali. Ndiyo maana ikatungwa Sheria ya Injili ya Mtandaoni, na Wizara ya Afya ikaunganishwa na Wizara ya Habari, ikawa Wizara ya Afya, Habari na Miujiza, chini ya Mheshimiwa Gaudensi Matimbwi, mtu mwenye shingo fupi na hotuba ndefu.

Siku ya kuizindua wizara, Mheshimiwa alisema taifa lilikuwa limepotea njia kwa kununua vidonge wakati lina bando. Akasema video moja ya uponyaji ikitazamwa na watu milioni, hiyo ni sawa na zahanati moja, na kwamba kwa hesabu hiyo Tufuate sasa ina zahanati nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Watu wakapiga makofi. Zahanati ya mtaa wa kina Obedi ikabomolewa, ukajengwa mnara wa mtandao, na wagonjwa wakaruhusiwa kukaa kwenye kivuli cha mnara. Kivuli chenyewe chembamba, mnaingia kwa zamu.

Obedi akaitwa Wizarani. Akaambiwa ana njia mbili: afunge ukurasa wake aende jela, au afunge ukurasa wake aende kazini. Akachagua kazini. Akapelekwa studio ya Mtume Zefania, ambaye wakati huo alikuwa Mtume tu, bado hajapandishwa cheo.

Kazi ya studio ilikuwa nyepesi ukishaizoea. Muujiza lazima uwe na sekunde hamsini na tisa, kwa sababu ukifika dakika raia anaenda kuangalia mpira. Unaanza na uso unaolia, unapandisha kinanda, unapunguza mwendo mguu unapoinuka, unamalizia na Mtume anafuta jasho. Na wagonjwa hawakuwa tabu. Kulikuwa na wagonjwa wa zamu, watu wazima wa afya, wana vitambulisho shingoni, wanakunywa chai pamoja nyuma ya jukwaa. Kipofu wa Jumanne alikuwa ndiye kiwete wa Alhamisi. Bubu wao alikuwa mwimbaji wa taarabu.

Obedi mwanzoni roho ilimsuta. Baadaye ikachoka.

*

Sasa ikafika siku ya mkutano mkubwa, Mheshimiwa Waziri mwenyewe yupo kiti cha mbele, na kiwete hayupo. Alikuwa ameazimwa na mkoa mwingine kwenda kuponywa kwenye harusi ya mtoto wa mkuu wa mkoa. Katibu wa Mtume akamkimbilia Obedi, jasho linamtoka, akamwambia atafute mgonjwa ndani ya nusu saa.

Pale ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa ambalo kwa watu wa studio ile lilikuwa halijawahi kutokea: Obedi alileta mgonjwa wa kweli.

Alijiambia mambo mawili. La kwanza, Redemta alikuwa anaomba siku nyingi kuja kuombewa, akawa anamkwepa. La pili hakulisema hata kwa moyo wake, alilipitisha pembeni kama mtu anayeficha chupa: huenda safari hii ikawa kweli.

Redemta akaja na gongo lake la kutembelea, mguu wa kushoto umezungushiwa kanga. Akapandishwa jukwaani. Mtume akaifungua ile kanga kwa mbwembwe, na kidonda kikatokea. Mtume alizoea kufungua kanga na kukuta mguu uliopakwa losheni. Alikiangalia kile kidonda kama mwizi aliyegonga mlango akafunguliwa na mwenye nyumba. Akarudi nyuma hatua moja. Halafu akamkumbuka Waziri, akalitupa gongo kwenye umati, akapaza sauti akimwambia mama yule atembee.

Redemta akatembea. Watu wote wanapiga kelele, ngoma zinalia, na mwanamke ana imani, angefanyaje. Alitembea hatua saba. Ya nane akaanguka, wahudumu wakamfunika kitambaa chekundu wakambeba.

Kwenye kompyuta Obedi aliangalia zile hatua mara nyingi. Kisha akakata baada ya ya saba. Zilikuwa hazijazi sekunde, akazipunguza mwendo, zikajaa. Akaweka kinanda. Kesho yake watu milioni mbili walikuwa wamelia.

*

Jumatatu Redemta akaenda hospitali ya wilaya kuchukua sindano zake za sukari. Obedi akamsindikiza. Nesi akaandika jina kwenye kompyuta, kompyuta ikapiga kinanda kidogo, kilekile alichokiweka Obedi, na yakatokea maandishi ya kijani: AMEPONA. Faili limefungwa kwa heshima.

Wakapelekwa kwa Daktari Lugome, mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akaeleza kwamba mashine ya Wizara inaangalia video zote, ikimwona mtu kapona inamfuta kwenye dawa. Kumtibu mtu aliyepona ni kosa la jinai, kunapunguza utukufu wa taifa. Mwenzake wa wodi namba nne alimpa panadol mama aliyekwisha kuponywa malaria, sasa yuko gerezani, na panadol yenyewe ililetwa mahakamani kama kielelezo.

"Hiyo mashine imeuona mguu wangu?" Redemta akauliza.

"Imeona video, mama."

"Basi itibu video. Mimi nipe sindano."

Daktari akachungulia mlangoni, akaufunga. Akakifungua kidonda, akakinusa. Kisha akasema bila kuzunguka kwamba bila sindano hana wiki nyingi. Wakiwahi, watakata vidole viwili. Wakichelewa, watakata mguu. Wakichelewa zaidi, hakutakuwa na cha kukata.

Akawaza, akaangalia tena kompyuta, uso ukamchangamka kidogo. Kwa mujibu wa video, mguu ulioponywa ni wa kushoto. Wa kulia hakuna aliyeutangaza. Mguu wa kulia kwa hiyo bado una haki zote za kuugua. Akaandika, akapiga muhuri, na nesi akaufunga ule mguu mzima wa kulia kwa bandeji mpya nyeupe, taratibu, kwa upendo, mpaka gotini. Walipofika nyumbani Redemta akaifungua, akaihamishia kushoto. Walifanya hivyo kila baada ya siku mbili. Mguu mzima ulikuwa unapata matibabu bora kuliko mguu wowote katika jamhuri.

Lakini sindano ya sukari haina kulia wala kushoto. Hiyo ilishindikana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Wahenga hawakuwa na Wizara.

*

Wizarani kuna dirisha namba kumi na sita, linahusika na Kurudi Ugonjwani. Lina vumbi, kwa sababu wanaofika ni wachache na wengi hufia kwenye foleni ya dirisha namba kumi na tano, linalotoa ruhusa ya kwenda kumi na sita. Obedi alipanga foleni siku nne. Ndani alikaa Bi Hilda, mwanamke wa makamo, anafuma kitambaa cha meza, hana ubaya na mtu.

"Unataka kumfanya dada yako mgonjwa?" akauliza.

"Ni mgonjwa."

"Kwa kibali cha nani?"

Bi Hilda akamwonea huruma, akamtolea fomu, akamwelewesha kama mama anavyomwelewesha mtoto kuvaa viatu. Raia aliyepona anaweza kurudi ugonjwani kwa njia mbili. Ama mponyaji wake asaini kwamba hakumponya, ama itolewe video ya ugonjwa iliyotazamwa na watu wengi kuliko ile ya kupona. Hapo ndipo taifa litaamini. Serikali ya Tufuate ni ya watu, haiwezi kumsikiliza mtu mmoja.

Obedi akaanza na njia ya kwanza. Alimkuta Mtume ofisini kwake, anapimwa kanzu mpya. Baada ya video ile alikuwa amepandishwa, sasa alikuwa Mtume Brigedia, na fundi alikuwa anatafuta pa kushonea nyota. Obedi akasubiri fundi atoke, akaweka fomu mezani, akamweleza yote.

Mtume Brigedia alisikiliza vizuri. Hakufoka. Akavua miwani ya jua, macho yake yakaonekana ni ya mtu wa kawaida, mwenye usingizi.

"Mdogo wangu," akasema, "ningekuwa na uwezo wa kumponya dada yako, ningekuwa napanga wagonjwa kwa zamu?"

"Basi saini."

"Sikiliza. Wale wengine mji mzima unawajua. Yule kipofu anaendesha lori. Watu wananipa amina zao kwa adabu tu. Lakini dada yako kila mtu alimwona na lile gongo miaka mitatu, wamekula maandazi yake. Huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kuja kwangu anaumwa kweli. Nikisaini huyo hajapona, nabaki na nini?"

"Atakufa."

Mtume akarudisha miwani usoni. Akasema atamwombea, na akamwomba Obedi amwitie fundi.

*

Ikabaki njia ya pili. Obedi alikuwa bado ana mkanda mzima wa siku ile, haujakatwa. Akakaa kuutazama mchana kutwa, kisha akauweka mtandaoni kwa jina lake, bila kinanda, bila kupunguza mwendo. Redemta anatembea hatua saba, ya nane anaanguka, uso wake unaonekana, kitambaa chekundu kinashuka. Akaandika chini: Huyu ni dada yangu. Hajapona. Nilikata mimi.

Halafu akakaa na simu mkononi, anasubiri taifa liamini.

Taifa likapenda sana. Kufika jioni dogo mmoja wa chuo cha utalii alikuwa amewekea mdundo. Hatua saba unatembea kwa maringo, ya nane unaanguka kama gunia. Ikapewa jina, chalenji ya Ya Nane. Wakaicheza wanafunzi, wakaicheza watu wa benki wakiwa na tai zao, ikachezwa na maharusi mbele ya keki. Kikosi cha jeshi kiliicheza kwenye gwaride, wanajeshi mia mbili wakaanguka kwa pamoja, na nchi jirani ikapeleka salamu za pole. Bungeni Mheshimiwa Matimbwi aliicheza katikati ya bajeti ya dawa, na alipoanguka, bajeti ikapita.

Mtume Brigedia naye hakulala. Akahubiri kwamba saba ni hesabu ya ukamilifu, na ya nane ni mwamini kuangukia mikononi mwa Roho. Kwa hiyo kuanguka kwa Redemta ni muujiza wa pili, wa bonasi. Akapandishwa tena, akawa Mtume Jenerali.

Milioni tisa waliangalia. Obedi hakujua acheke au alie, ila hesabu ni hesabu. Akakimbia mpaka dirisha namba kumi na sita, akamwonyesha Bi Hilda simu: tisa ni nyingi kuliko mbili. Bi Hilda akaacha kufuma. Akaitafuta kwenye mashine yake, akasoma, akasikitika kwa dhati.

"Zimefika, mwanangu. Ila mashine imeiweka kwenye Burudani. Haimo kwenye Ugonjwa."

"Ihamishe."

"Kuhamisha ni dirisha namba kumi na saba."

Obedi akatazama ukutani. Baada ya kumi na sita kulikuwa na ukuta tu.

*

Barua ikaja nyumbani na gari la ving'ora. Redemta anaalikwa uwanja wa taifa, Siku ya Kitaifa ya Ya Nane, aoneshe hatua zake mbele ya wananchi. Mheshimiwa Waziri atakuwepo.

Wakati huo mguu ulikuwa umebadilika rangi mpaka juu ya kifundo, na nyumba ilikuwa inanuka, majirani wakipita wanajifanya wana mafua. Obedi akaichana barua. Redemta akamwambia aokote vipande avibandike.

"Nitaenda," akasema. "Huyo Waziri atakuwa mbele yangu, na nitakuwa na kipaza sauti. Sijawahi kuwa na hivyo viwili kwa pamoja."

Obedi akamwambia hawatamsikia, anawajua, hiyo ndiyo kazi yake. Akasema na maneno mengine makali kuhusu Mtume, yakamteleza mpaka yakamfikia Mungu.

"Muache Mungu," Redemta akamkata. "Mungu hajasema ameniponya. Angeniponya, ningekuwa wa kwanza kujua. Waliosema ni nyie."

Alisema nyie. Obedi alienda nje akakaa kwenye jiwe la kufulia.

Siku ilipofika uwanja ulijaa mpaka kwenye mataa. Redemta akaletwa kwa kiti cha matairi, wakakificha kiti, wakamsimamisha. Mheshimiwa Matimbwi akasoma hotuba, akamwita shujaa wa miguu ya taifa, akasema nchi nyingine zina madaktari lakini Tufuate ina Redemta. Kisha kipaza sauti kikawekwa mkononi mwake.

Redemta hakupiga kelele. Alimgeukia Waziri, akamwangalia kama anavyomwangalia mteja aliyekula maandazi akataka kuondoka bila kulipa.

"Mimi sijapona," akasema. "Naumwa. Naomba dawa."

Uwanja mzima ukasema amina.

Akarudia, pengine hawakusikia. Wakasema amina kwa nguvu zaidi, wanawake wengine wakalia kwa ajili ya unyenyekevu wake. Na kule juu kwenye mitambo didjei akaidaka ile sauti, akaikata vipande, akaiwekea ngoma. Naomba-naomba-dawa. Naomba-naomba-dawa. Watu elfu hamsini wakainuka. Waziri akainuka. Redemta alikuwa bado ameshika kipaza sauti, mdomo wake unacheza, sauti yake mwenyewe inamfunika.

Akaamua kumfuata Waziri alipo. Alipiga hatua tatu, akaanguka. Uwanja ukasita, kwa sababu ilikuwa bado haijafika ya nane. Halafu wakaona hilo ni toleo jipya, wote wakaanguka.

Katikati ya watu elfu hamsini waliolala chini wanacheka, mtu mmoja tu alikuwa amesimama, Obedi, anatafuta njia ya kupita bila kumkanyaga mtu.

*

Alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Daktari Lugome safari hii hakuangalia kompyuta. Alimtundikia dripu kwenye stoo ya mifagio, mlango umefungwa, akatafuta sindano kwa mkono wake, akachomoa kwenye sanduku la mgonjwa mwingine aliyekufa asubuhi. Alichoka kuwa mwoga, hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Lakini muda ulikuwa umekwenda mpaka mahali alipopasema mwanzoni, pale pasipo na cha kukata. Siku ya pili askari wakaja wakamchukua daktari. Obedi akamrudisha dada yake nyumbani.

Aliishi siku tisa. Wimbo wa Naomba Dawa ulikuwa unapigwa kila duka, unaingia dirishani, na Redemta siku nyingine alikuwa anauliza huyo anayeimba ni nani, sauti kama anaifahamu.

Asubuhi ya siku ya tisa akamwambia Obedi azime simu, amsalie. Obedi akapiga magoti. Akasali, maneno yakatoka vizuri, yana mpangilio, yakapanda, yakashuka, amina. Redemta akafungua macho.

"Mbona fupi?"

Obedi akasema hajui. Alijua. Ilikuwa haijafika dakika.

"Endelea," akamwambia. "Sina pa kwenda."

Akaendelea. Hakuwa na la kusema, akaendelea hivyohivyo, akarudia, akakwama, akalia, akaomba msamaha kwa jambo moja tena na tena kama kanda iliyokwaruzika. Hakuna ambaye angeitazama video ya namna hiyo. Alipoinua kichwa, Redemta alikuwa ameshaondoka, mkono wake uko juu ya kichwa cha mdogo wake.

*

Kuzika Tufuate kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji sababu ya kifo. Orodha iko kwenye mashine: ajali, uzee, mapenzi ya Mungu, furaha. Ugonjwa ulishaondolewa kwenye orodha mwaka ule takwimu zilipopendeza. Bi Hilda, ambaye siku hizo alikuwa anashikilia na dirisha la vifo, akamshauri kwa upole achague furaha. Waliokufa kwa furaha wanapewa turubai la bure na bendi ya polisi.

Obedi akasema dada yake ameuawa na video. Bi Hilda akatafuta. Sababu hiyo haikuwemo.

Akarudi nyumbani bila kibali. Akawakuta wanawake wa jumuiya ya Redemta, wale wa sala ya Alhamisi, wameshafika. Hawakumwuliza kitu. Mwenyekiti wao, Mama Anyesi, muuza mkaa, alikuwa mlangoni na beseni la kuogeshea mtoto, na kila aliyeingia aliweka simu yake humo. Beseni lilipojaa, akalifunika na sinia, akaweka jiwe juu. Wakamwosha, wakamvisha, wakambeba wenyewe saa nne asubuhi, kaburi limechimbwa na mafundi wa gereji. Wakaimba nyimbo zote mpaka mwisho, beti zote, hata zile ambazo watu huwa wanaziruka. Obedi alitupa udongo kwa mkono. Hakukuwa na kamera, hivyo hakujua uso wake ulikuwaje.

Serikali ilikasirika siku mbili, halafu ikafurahi. Kwa kuwa mazishi hayana video, hayakutokea. Na mtu ambaye hakuzikwa ni mzima, hasa kama alishapona. Kwa hiyo Redemta bado yupo. Uchaguzi uliopita alipiga kura, tena alikuwa wa kwanza kwenye kituo. Juzi ameteuliwa balozi wa afya wa wilaya.

Obedi ana kesi ya kumficha shujaa wa taifa. Kila Jumatatu anaripoti dirishani. Bi Hilda anamwuliza dada yako yuko wapi, na Obedi anajibu kwamba amekufa, amezikwa, kaburi lake liko nyuma ya kanisa, nyasi zimeanza kuota. Bi Hilda anasikiliza mpaka mwisho. Anaitafuta hiyo kwenye mashine, haipo, anaandika: Anaendelea vizuri. Kisha anamgeuzia daftari asaini.

Obedi anasaini. Jumatatu moja hakusaini, wakamwita Jumanne.